Wauguzi Si Mkia wa Maendeleo

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, na kwa muda vijiwe vya Mwanza havikuwa na mada nyingine. Watu walikuwa na haki. Ni kilomita 3 za zege juu ya ghuba, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Zilimaliza foleni za kivuko ambazo kwa miaka mingi ziliwaweka wagonjwa wa Sengerema na Geita ukingoni mwa maji, huku Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ikiwa ng'ambo.

Hakuna mwenye akili timamu atakayelibeza daraja hilo. Kinachostahili kubishiwa ni hesabu inayolifuata, ile inayosikika kuanzia vikao vya madiwani hadi kwenye daladala za Buhongwa. Kwa hesabu hiyo, maendeleo ndiyo hayo: zege, reli, dhahabu ya Geita na minofu ya sangara inayopelekwa Ulaya. Muuguzi ni mtu wa kuwafunga vidonda walioumia wakati maendeleo yakipita. Daraja ni uwekezaji, mshahara wa muuguzi ni matumizi. Uchumi ukikua, wauguzi wataajiriwa. Usipokua, na wasubiri.

Mtazamo huu una sura ya pili, iliyo laini zaidi, nayo ndiyo inayowalaghai wengi. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, huwashwa mishumaa, hupigwa picha za sare nyeupe zilizonyooshwa vizuri, na mgeni rasmi husema uuguzi ni wito. Wauguzi hupigiwa makofi. Kesho yake muuguzi hurudi zahanati aliko peke yake, mwenye zamu ya mchana na ya usiku pia. Anayemwita malaika na anayemwita gharama wanakubaliana katika jambo moja: hakuna kati yao anayemtaka kwenye meza ya bajeti.

Ushahidi wa kuivunja hoja hii hauhitaji kutafutwa Geneva. Uko Mwanza, tena umekuwepo kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1991, wakati Kanda ya Ziwa ikizika vijana kila wiki na UKIMWI ukiwa hauna dawa, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na wenzao wa London walianza jaribio katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Jamii hizo ziligawanywa jozi jozi. Katika nusu yake, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara. Walihakikishiwa dawa, na wasimamizi waliwatembelea mara kwa mara. Nusu nyingine ilingoja zamu yake. Zaidi ya watu wazima 12,000 walifuatiliwa kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995: walikohudumiwa hivyo, asilimia 1.2 walipata maambukizi mapya ya VVU. Kwingineko, asilimia 1.9. Baada ya kuzingatia tofauti za jamii hizo, maambukizi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40.

Hapakuwa na dawa mpya wala hospitali mpya katika jaribio hilo. Kilichoongezwa ni ujuzi, dawa zisizokatika na usimamizi kwa watu ambao tayari walikuwa wakifungua mlango wa zahanati kila asubuhi. Walipopiga hesabu ya gharama, wachumi waliona kwamba kuzuia ambukizo moja kuligharimu takriban dola 218 za Marekani. Wanaopenda kusema kwamba afya ni matumizi waitazame hiyo namba, kisha wafikirie gharama ya kumtibu mtu mmoja mwenye VVU maisha yake yote.

Mpinzani makini ana majibu mawili, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza: watumishi wale hawakuwa wauguzi watupu. Ni kweli, walikuwamo pia matabibu na waganga wasaidizi wa vijijini. Lakini anayejua zahanati ya kijijini anajua kwamba mipaka ya vyeo huko huyeyuka. Tabibu akienda semina au likizo, au akihamishwa bila mbadala, anayebaki na funguo ni muuguzi.

Jibu la pili ni zito zaidi: Rakai. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, jaribio jingine liligawa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10. Matokeo yake yalitoka mwaka 1999: maambukizi ya VVU hayakupungua. Wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu sababu, na sehemu kubwa ya maelezo ni kwamba janga la Rakai lilikuwa limekomaa kuliko la Mwanza, hivyo magonjwa ya zinaa hayakuwa tena na nafasi ileile katika kueneza virusi. Maelezo hayo yakubaliwe. Hata hivyo kuna tofauti nyingine isiyofichika. Kampeni hupita na kuondoka. Zahanati ya Mwanza ilikuwa wazi siku ambayo kijana alianza kuona dalili, si miezi 8 baadaye. Wafadhili wanapenda kampeni kwa sababu ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na magari yenye nembo. Muuguzi aliyekaa kituo kimoja miaka 10 hana sherehe ya uzinduzi.

Miaka 30 baadaye, mkoa huohuo ukarudi katika majarida makubwa ya tiba. Kati ya 2021 na 2023, mpango wa uzazi salama ulioongozwa na watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walipewa kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni na wanasesere wa kufanyia mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua na kuzuia damu ya mama. Mazoezi yalikuwa mafupi, ya mara kwa mara, palepale wodini, yakiongozwa na wenzao wa kituo hichohicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya mapema vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban asilimia 40. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila vizazi hai 100,000.

Ni haki kusema kwamba si kila sehemu ya anguko hilo inaweza kuwekwa kwenye mizani ya mpango mmoja. Nchi nzima ilikuwa ikisogea. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yako juu zaidi, na mabishano ya watakwimu yataendelea, lakini hakuna anayekana mwelekeo. Katika kipindi hichohicho wanawake waliojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Februari 2025, Rais Samia alikabidhiwa tuzo ya kimataifa kwa mafanikio hayo. Vituo vipya vya afya vilitajwa, magari ya wagonjwa yakatajwa, na kwa haki. Ila kituo hakizalishi mtu. Katika asilimia 81 hiyo, aliyevaa glavu usiku, mara nyingi zaidi, alikuwa muuguzi mkunga.

Basi turudi kwenye daraja, maana hapo ndipo hoja ya zege inapojikwaa. Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Daraja linafupisha safari yake kutoka Sengerema, lakini halijui kwamba anavuja. Anayejua ni mkunga aliyekuwa akiandika patografu. Karatasi hiyo moja ina kazi ngumu kuliko inavyoonekana: kila nusu saa husikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto, huhesabiwa uchungu uliokuja ndani ya dakika 10, na nukta hutiwa. Njia ikichelewa kufunguka, mstari hukimbilia ule wa tahadhari, na hapo mkunga wa zahanati isiyo na chumba cha upasuaji ana uamuzi wa kufanya: kungoja au kupiga simu. Akiwa na wajawazito watatu kwa wakati mmoja na yuko peke yake, nukta za nusu saa haziandikwi. Huandikwa baadaye zote kwa mkupuo, na kila aliyewahi kukagua majalada ya wodi ya uzazi anaitambua karatasi ya namna hiyo kwa kuiangalia tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari ulionyooka mno.

Mfumo wa M-mama unathibitisha jambo hilohilo. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini kuanzia 2022. Anayehitaji msaada hupiga 115 bila malipo, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu, dereva wa kijiji aliyesajiliwa huitwa na hulipwa kwa simu. Ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini dereva huja baada ya mtu kusema "huyu aende". Na mtu huyo akikosea kwa saa moja, gari na daraja vyote vimechelewa.

Kuna visiwa ambavyo daraja halitafika. Ukara, ambako Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka na kuua zaidi ya watu 220, bado inategemea maji. Kome vilevile, na mialo mingi midogo ambayo jina lake hulijua mvuvi na karani wa ushuru tu. Huko rufaa ni boti, na boti husikiliza upepo. Kila kinachoweza kumalizwa kisiwani lazima kimalizwe kisiwani. Sindano ya oksitosini inayozuia damu inahitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ya sola ikizimika siku mbili bila mtu kugundua, kilichobaki kwenye chupa hakina uhakika. Ni muuguzi anayesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kujaza fomu ambayo watu wengi hudhani ni urasimu.

Wapinzani husema huo bado ni utumishi tu, haujawa maendeleo. Waende mwaloni siku ya huduma ya mkoba. Muuguzi hushuka kwenye mtumbwi na kisanduku cha chanjo, hutundika mizani kwenye tawi, na watoto hupimwa mmoja mmoja wakining'inia huku mama zao wakiwa na macho mawili: moja kwa mtoto, jingine kwa dagaa walioanikwa mchangani. Kwa mpangaji wa ofisini, kliniki ni kila Jumatatu ya pili ya mwezi. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, kambi hupumzika na watu wengi huondoka kurudi makwao. Ratiba isiyotazama mwezi hukuta nusu ya kadi hazina wenyewe. Muuguzi aliyezoea mwambao anajua hilo. Anajua pia kambi ipi haina choo hata kimoja, na kwamba mwaka 2020 ziwa lilipofura hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, maji yalipanda hadi kwenye vyoo vya kando ya ziwa. Kipindupindu na kichocho huanza kwenye daftari lake kabla havijaanza kwenye ripoti ya mkoa. Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa yanazungumzia maji safi, tabianchi, njaa na afya kana kwamba ni idara mbalimbali. Mwaloni yote yako kwenye rejesta moja.

Elimu nayo imo. Mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Serikali ilitoa waraka Novemba 2021 kuruhusu waliojifungua kurudi shule, na ulikuwa uamuzi sahihi. Ila msichana wa kidato cha pili ambaye hataki kuacha shule kabisa anahitaji mtu wa kumweleza habari za sindano, vijiti na kondomu bila kumsuta wala kumwambia shangazi yake. Mtu huyo akiwa na lugha nzuri na chumba chenye mlango unaofungwa, mahudhurio ya shule ya kata hubadilika. Hakuna waziri wa elimu atakayempa sifa hiyo.

Hapo msomaji ataingilia kati, na ana sababu: lugha nzuri ipi? Nani asiyejua habari za manesi wa wodi ya wazazi wanaofoka, wanaosimanga, wanaoulizia nguo za mtoto kwa kejeli, na wengine wanaosubiri wapewe "chai"? Malalamiko hayo ni ya kweli, na hakuna makala ya kuwatetea wauguzi inayoweza kuyaruka ikaaminika. Mwanamke aliyetukanwa akijifungua mtoto wa kwanza anaweza kumzaa wa pili nyumbani, na takwimu zote zilizotajwa hapo juu zikaharibika kwa sababu ya mdomo mmoja. Mlevi wa madaraka madogo hafai wodini, awe na sare au asiwe nayo, achukuliwe hatua. Lakini ugonjwa huo haumpi ushindi anayedai muuguzi ni gharama. Ukimweka mtu usiku kucha na kazi ya watu wanne, ukamnyima glavu, kisha ukaja kumlaumu mbele ya ndugu wa mgonjwa kwa kukosekana kwa dawa asiyoiagiza, umetengeneza ukali. Vituo vya mpango wa uzazi salama havikuwa na wakunga wa damu tofauti. Vilikuwa na mazoezi, vifaa na takwimu ambazo wakunga wenyewe walizisoma na kuzijadili.

Mwaka 2023 mkoa wa Kagera uliikumbusha nchi upande mwingine wa kazi hii. Machi 21 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, akiwamo mhudumu wa afya. Juni 2 mlipuko ulitangazwa kwisha. Ugonjwa wa namna ile haugunduliwi kwanza na maabara, maabara huthibitisha. Hugunduliwa pale mtu wa zamu anapoona homa isiyofuata desturi, akajiuliza, akatoa taarifa wilayani badala ya kuandika malaria na kulala. Lau ungefika Mwanza mjini, soko la Kirumba na viwanda vya samaki vingefungwa. Hiyo ni hesabu ya uchumi, na hakuna daraja linaloizuia.

Kwa wanaotaka kusikia dunia inasema nini, haya ni machache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani na upungufu wa milioni 5.8. Asilimia 78 ya wauguzi wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wote, na asilimia 85 ya wauguzi ni wanawake. Kwa hiyo kila ajira ya muuguzi ni, kwa kiasi kikubwa, mshahara wa mwanamke, na mwambaoni mshahara wa mwanamke mara nyingi ndiyo ada ya shule ya watoto wa ukoo mzima. Mwaka 2022, muuguzi wa Marsabit, Kenya, Anna Qabale Duba, alitunukiwa dola 250,000 huko Dubai, akiwa wa kwanza kupata tuzo ya wauguzi ya Aster. Alikuwa ameanzisha shule kijijini kwao inayofundisha watoto na watu wazima, na alikuwa akipigana na ukeketaji. Hakuacha uuguzi ili afanye maendeleo. Aliona wodi na darasa vinatibu tatizo moja.

Tanzania ina kitendawili chake. Sekta ya afya imekuwa na takriban nusu tu ya watumishi wanaohitajika kwa mujibu wa ikama, ilhali mitaani wapo wauguzi wenye vyeti na leseni za Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanaouza vocha na kuendesha bodaboda wakingoja kibali cha ajira. Wengine wameanza kuulizia Uingereza na Ghuba. Wakienda, mlipakodi wa Magu na Misungwi atakuwa amesomesha mtumishi wa hospitali ya nchi nyingine. Kuwalaumu ni uonevu. Kungoja uchumi ukue kwanza ni kukataa kusoma matokeo ya Mwanza, kwa sababu katika majaribio yote mawili uchumi haukutangulia. Alitangulia mtumishi aliyewezeshwa.

Na hapa suala la madaraka haliwezi kukwepwa. Katika timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri, muuguzi ana kiti, lakini kiongozi ni Mganga Mkuu. Uuguzi husikilizwa ukiulizwa kuhusu sare, usafi na nidhamu. Ukifika mpango wa fedha, mazungumzo huhamia kwa wengine. Fedha za vituo sasa huingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati, hatua nzuri sana, lakini mpango wa matumizi ukiandikwa bila yule anayelala pale, utanunua rangi ya ukuta kabla ya betri ya friji.

Bajeti za halmashauri hupitishwa kila mwaka Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Misungwi na Magu. Diwani atakayesimama kuomba jengo jipya la zahanati aombwe kwanza ajibu maswali manne. Zahanati iliyopo ina wauguzi wangapi dhidi ya ikama? Wanalala wapi? Usiku wa leo nani yuko zamu, na akiugua nani atashika nafasi yake? Je, mpango huu wa fedha una sahihi ya muuguzi hata mmoja? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, ndipo ramani ya jengo ifunguliwe.